Koni Si Tunda

Asubuhi aliyoanguka mke wangu, alikuwa amesimama jikoni na kikombe cha chai mkononi, anawahi kazini. Mimi nilikuwa chumba cha mbele, ambacho ndicho karakana yangu ya kushonea, nimeinamia suruali ya mteja. Nikasikia kikombe kinavunjika. Nikasema kwa sauti bila kuinua kichwa, "Pole, Mwalimu! Usiokote vigae kwa mkono." Sikujibiwa. Na mke wangu hakuwa mtu wa kusemeshwa akanyamaza. Nikaenda mbio. Nilimkuta ameketi sakafuni, ameegemea kabati, mdomo umevutwa upande mmoja kama pindo lililoshonwa kwa haraka.

Hospitali wakasema ni kiharusi. Wakasema pia tulimwahisha, na kwamba mkono na mguu wa kulia vingerudi taratibu. Kweli vikarudi, mguu kwanza, mkono baadaye kwa kusuasua. Kilichokawia ni maneno.

Lazima nieleze mke wangu alikuwa mtu wa namna gani. Alifundisha biolojia katika shule ile ile tangu tulipooana, na wanafunzi walimwita Mama Chavua. Jina alilipata siku aliyoingia darasani na pua ya njano, amelinusa ua kubwa njiani akasahau kujipangusa, na badala ya kuona haya akaifanya pua yake kuwa somo la siku hiyo. Riziki aliipata kwa kinywa chake, na kinywa hicho hakikujua kuchoka. Hata mimi nyumbani nilimwita Mwalimu, na yeye akaniita Fundi.

Basi siku ya kwanza aliyofumbua kinywa pale wodini, alinitazama sana, macho yakamjaa machozi, akaninyooshea mkono wa kushoto, akasema, "Kabati."

"Naam," nikaitikia. Ningefanyaje? Kama mimi ni kabati, basi ni kabati.

Daktari akanieleza kwamba akili yake ni nzima kabisa. Analolitaka analijua, ila akienda kulichukua neno anatoka na lingine, kama mtu anayetia mkono kwenye droo ya nyuzi akatoa kifungo. Na mara nyingine anatoka mtupu.

Tuliporudi nyumbani akaja dada yangu kutusaidia. Dada yangu huyu mtaa mzima wanamwita Redio, na yeye mwenyewe anaitikia. Mwacheni Mungu aitwe Mungu, Redio alitufaa. Alipika, alifua, alimwogesha wifi yake kama mtoto wake. Lakini hakumwachia hata upenyo wa kusema.

Mke wangu akiinua kidole tu, Redio ameshadaka. "Wifi anataka maji." Mke wangu anatikisa kichwa. "Basi uji. Uji, wifi yangu? Au mto? Ni mto! Nyie wanaume hamuoni kuwa mgongo unamuuma?" Vitaletwa maji, uji na mito miwili, na kumbe alichotaka ni dirisha lifunguliwe. Baada ya wiki kadhaa mke wangu akaacha kuinua kidole. Akawa anaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, anatazama barabara, kinywa kimefungwa. Mimi nikadhani ametulia. Nikawaambia majirani, "Sasa hajambo, ametulia." Jirani mmoja, mama mtu mzima, akanijibu, "Mwalimu, kutulia? Hebu nenda kamwangalie vizuri." Nikaenda nikamwangalia vizuri, na nilichokiona usoni hakikuwa utulivu.

Kliniki alikuwapo mtaalamu wa matamshi, binti mpole mwenye miwani mikubwa. Alikuwa na kadi za picha: paka, kijiko, kiti, mpira. Anainua kadi, anataja, anangoja. Mke wangu akaitazama kadi ya paka, akamtazama binti, kisha akaichukua ile kadi akailaza kifudifudi mezani. Ikaja ya kijiko, nayo akailaza. Zote zikalala.

Binti akanifuata kwenye ujia. "Mzee wangu, mama anapenda nini? Namaanisha, kabla ya haya alikuwa akipenda kuzungumzia nini?"

"Mimea," nikamwambia. "Ukimuuliza habari za jani, unakosa basi la kurudi kwenu."

Tulipokwenda tena, mezani hapakuwa na kadi. Palikuwa na ua jekundu lililochumwa kwenye bustani ya hospitali, na kando yake koni kavu ya msonobari, ya kahawia, magamba yake yamekaa mstari juu ya mstari kama vigae vya paa. Nyuma ya jengo lile ipo misonobari kadhaa, na koni zake zimezagaa chini, watu wanazipiga teke wakipita.

"Mama, leo nimekuletea zawadi," binti akasema. "Hili ni ua. Na hili hapa ni tunda la msonobari. Haya, tulitaje pamoja. Tun-da."

Mke wangu akaikodolea macho ile koni. Kisha akamgeukia binti. Mtazamo ule niliujua. Ndio aliokuwa akiwatazama nao wanafunzi waliosema kwamba nyangumi ni samaki.

"Hapana," akasema.

Binti akadhani amekataa zoezi. "Jaribu tu, mama yangu. Tun-da."

"Hapana. Si... si..." Mishipa ya shingo ikamsimama. Redio, aliyekuwa ameketi nyuma yetu, akavuta pumzi. "Anasema amecho..." Sikumwacha amalize. Nilimkanyaga mguu, na nilimkanyaga hasa.

"Si tunda," akasema mke wangu.

Binti akaketi taratibu. "Si tunda? Kwani ni nini?"

"Koni."

"Koni si tunda?"

"Koni si tunda!" akasema, na akaipiga meza kwa mkono wa kushoto, kisha akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Maneno matatu yamefuatana, kila moja mahali pake. Redio naye akalia, mguu wake ameushika.

Wakati wa kutoka, binti alitusindikiza mpaka kwenye ngazi. Akaninong'oneza, "Mzee, wenzangu ofisini wananipongeza, wanasema nimebuni mbinu. Wallahi sikubuni kitu. Nilidhani kweli ni tunda."

"Usijali, mwanangu," nikamwambia. "Mimi nimelala na mwalimu wa biolojia miaka yote hii, na nilidhani hivyo hivyo."

Akatuwekea masharti. Kila siku tumuulize habari za mimea, na tukishauliza, tunyamaze mpaka ajibu mwenyewe. Alipofika kwenye kunyamaza alimtazama Redio. "Hata kama itachukua muda mrefu, shangazi. Hata kama neno unalo mdomoni. Limeze." Redio akakubali kwa uso wa mtu aliyeambiwa aache chumvi.

Basi meza yetu ya jikoni ikageuka maabara. Redio alileta nyanya, maganda ya maharage mabichi, na ua la boga lenye kiboga kidogo mkiani, hakijazidi kifungo cha koti. Mimi nikatumwa misonobarini kutafuta koni ambazo hazijafunguka. Nikarudi na kikapu, mikono inanata utomvu, na shati langu halijapata kupona mpaka leo.

Somo la kwanza Redio ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Mke wangu akaikata nyanya, kwa shida, mkono wa kulia unatetemeka. Akaelekeza kisu.

"Mbegu," akasema. "Ndani."

"Ndani ya nini, wifi?" Redio akauliza, kisha akaziba mdomo kwa kiganja, akaanza kutazama dari.

Tukangoja. Nje gari likapita, mwuza mkaa akapita, neno bado. Nilimwona mke wangu analisaka. Hatimaye akakata tamaa na neno lenyewe, akachukua lililokuwa karibu. "Nyumba," akasema. Akalichukua lile ua la boga. Akayachuma yale majani ya njano moja moja, akayatupa. Kikabaki kile kiboga. "Ua... kwisha. Nyumba... inabaki. Inanenepa."

"Aa!" Redio akashusha mkono. "Kwa hiyo boga ni nyumba ya mbegu, na nyumba ilikuwapo tangu kwenye ua?"

Mke wangu akatikisa kichwa kwa nguvu, kukubali. Hata mimi nilisogea. Nimekula maboga tangu utotoni, na sikupata kujua kwamba boga ni chumba cha chini cha ua, kilichobaki baada ya mapambo kuanguka.

Habari ya koni ilikuja yenyewe. Zile koni zilikuwa zimefunga kabisa, ngumu kama ngumi. Redio, kwa kutaka nafasi mezani, akazitandaza kwenye sinia, akaziweka karibu na jiko lililokuwa linachemsha maharage. Mchana ule nikiwa kwenye cherehani nikasikia, tak! Kisha, tak, tak! Redio akapiga ukelele, "Jiko linapasuka!"

Si jiko. Koni zilikuwa zimekauka kwa joto, na magamba yanafunguka moja baada ya jingine. Mke wangu alikuja anachechemea, haraka kuliko nilivyopata kumwona tangu aanguke. Akaichukua moja kwa ncha ya kitambaa, akaigonga mezani. Zikaanguka mbegu ndogo ndogo nyeusi, kila moja ina bawa jembamba kama karatasi ya kitunguu.

"Kumbe na hizi zilikuwa na mbegu ndani!" akasema Redio.

"Si ndani," akasema mke wangu, papo kwa papo. Akaivunja koni, akang'oa gamba moja, akaliweka kiganjani mwa wifi yake. Juu ya gamba zilikuwa zimelala mbegu mbili, sambamba, hazikufunikwa na chochote. Akazigusa kwa ukucha, zikateleza. "Si ndani. Baraza."

Redio akalitazama lile gamba. Safari hii hakutazama dari, wala hakuziba mdomo. Alikuwa kimya kwa sababu anafikiri. Kisha akasema polepole, "Za nyanya zimefungiwa chumbani. Hizi zimeketi barazani. Baraza limefungwa pazia tu, likikauka linafunguka zikaondoka zao."

Mke wangu akamshika mkono akaubusu. Nadhani najua kwa nini. Siku zote Redio alikuwa akikisia anachotaka kusema. Leo amemsikiliza, na ameelewa.

Redio akarusha mbegu juu kuona bawa linafanyaje. Ikashuka inazunguka kama pia, ikapita mlangoni, ikatua kwenye kola ya shati la mteja. Akarusha nyingine. Maharage yakaungua siku hiyo, tukayala hivyo hivyo.

Tangu hapo maneno yakawa yanakuja, si kwa mkupuo, ila yanakuja. Chavua. Jani. Sindano, kwa maana majani ya msonobari ni kama sindano, na hapo nikapata kuchangia maana sindano ninazo. Upepo. Nyuki. Ajabu ni kwamba maneno makubwa aliyapata mapema kuliko madogo. Aliweza kusema "uchavushaji" na asiweze kusema "chumvi".

Mwezi uliofuata akaja mkuu wa shule. Ni mama mrefu, mtaratibu, na walikuwa wamefundisha pamoja kabla hajapanda cheo. Aliketi, akamsalimia, akamshika mkono. Kisha akaingia kwenye lililomleta. Kijana aliyemshikia nafasi anafanya vizuri. Miaka ya kustaafu imebaki michache. Kwa ajili ya afya yake, asingependa kupumzika mapema, kwa heshima zake zote?

Mimi na Redio tulikuwa tumeshalizungumza jambo hilo chinichini, na tulikuwa tumekubaliana nalo. Nikafungua kinywa nimjibu mgeni.

"Naomba," akasema mke wangu.

Tukageuka sote.

"Naomba... somo."

"Somo gani, Mwalimu?" mkuu akauliza.

"Moja. Kufundisha. Moja tu."

Mkuu akanitazama mimi, mimi nikatazama mkeka. Alikuwa mtu mkweli, akasema lililokuwa moyoni: "Mwenzangu, watoto unawajua. Wakikucheka nitaumia mimi kuliko wewe."

"Wacheke," akasema mke wangu.

Mkuu alipoondoka, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mwalimu, ya nini kujitesa? Nani amekudai? Kaa hapa, mimi nipo, dada yupo, chakula kipo." Nilisema mengi, na niliyasema kwa mapenzi. Alinisubiri nimalize, kama mimi nilivyofundishwa kumsubiri yeye. Kisha akajigusa kifua.

"Mimi... si kabati," akasema.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikatoa gauni lake la bluu, ambalo lilikuwa linampwaya kwa jinsi alivyokonda, nikalipunguza kiunoni, nikalipiga pasi.

Siku ya somo tulikwenda watu watatu. Darasa lilikuwa lile la mwisho kwenye jengo refu, dirisha moja halina kioo, ubao umefutwa vibaya pembeni. Mwalimu kijana alitupokea mlangoni, ana jasho utadhani yeye ndiye anayesailiwa. Watoto wakasimama. "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahabaa, ketini," akajibu mke wangu.

Jibu lilitoka safi, kama mtu hajapata kuumwa. Mtaalamu wa matamshi alinieleza baadaye kwamba salamu hukaa mahali pake pengine kichwani, aghalabu hazipotei. Lakini pale mimi na Redio, nyuma kabisa kwenye dawati la watoto, magoti yanagusa kidevu, tulishikana mikono kwa furaha. Tukadhani shida imekwisha.

Akapanga vitu vyake mezani: nyanya, ua la boga, koni iliyofunga na koni iliyofunguka. Akachora mstari katikati ya ubao kwa mkono wa kushoto. Mstari ukapinda. Akageuka.

"Leo... mimea... ya mbegu. Iko... makundi... mawili. La kwanza lina..." Akainua ua la boga.

Na neno likapotea. Neno lenyewe "ua". Irabu mbili tu, hakuna neno jepesi kuliko hilo. Nilimwona analitafuta, midomo inajaribu, hakuna. Mtoto mmoja akakohoa. Kiti kikalia. Mwalimu kijana akainuka kwenye kona yake, "Maua, lina ma..." Mke wangu akamwonyesha kiganja bila kumtazama. Kijana akaketi.

Redio alikuwa ameuma kitambaa chake cha kichwani kwa meno.

Mke wangu akateremka pale mbele, akatembea mpaka dawati la kwanza, akaliweka ua chini ya pua ya msichana mmoja. "Sema," akamwambia.

"Ua," msichana akasema.

"Ua," akalipokea, kama mtu aliyeokotewa kitu chake. "Asante. Kazi yake... nini?"

"Kupendeza!" akajibu mvulana mmoja, na wenzake wakacheka. Mke wangu akatikisa kichwa. Akatia kidole ndani ya ua, kikatoka na vumbi la njano. Akaanza kuvuma, "Vvvvvv," akazunguka kati ya madawati, kidole kimeinuliwa, mguu mmoja unaburuta, mpaka akafika kwa yule wa kupendeza, akampaka puani.

"Chavua!" darasa zima likapiga kelele.

"Chavua," akasema. Na mambo yakaanza kwenda. Pale neno lilipokuja alilisema. Pale lilipogoma, alionyesha, akangoja, na watoto wakalitafuta naye. Hawakuwa wakimcheka. Walikuwa wanagombania kupatia. Akaikata nyanya, akaeleza habari ya nyumba. Akaandika kwenye upande wa kwanza wa ubao: ua, tunda, mbegu ndani.

Akaichukua koni. "Hii, hapana ua. Hapana tunda. Chavua... upepo. Nyingi, nyingi, kama... moshi." Akaigonga, mbegu zikaanguka. Akainua moja, na kwa sauti kubwa ya mwalimu, wazi kabisa, akatangaza, "Kwa hiyo mbwa zake ziko uchi!"

Darasa lililipuka. Watoto walilala juu ya madawati. Redio, Mungu amsamehe, ndiye aliyecheka kuliko wote, akateleza kwenye benchi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mke wangu alisimama katikati ya kelele zile, uso mtupu, haelewi. Kisha nikaona ameelewa. Akajigusa midomo. Nikaanza kuinuka ili nimfuate.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akabweka, "Hwu! Hwu!" na watoto wakazidi. Akangoja watulie. "Si mbwa," akasema. "Mbe... mbegu."

"Mbegu!" wakaitikia.

"Mbegu uchi."

Akaandika upande wa pili wa ubao: koni, hapana ua, hapana tunda, mbegu uchi. Sidhani yupo mtoto hata mmoja wa darasa lile atakayesahau mpaka anazeeka.

Ndipo akanyoosha mkono msichana wa dawati la nyuma, aliyeketi karibu nasi, ambaye muda wote alikuwa anaandika tu. "Mwalimu, mahindi je? Sijapata kuona ua la mahindi. Na nyumbani wanasema upepo ndio unayachavusha. Basi mahindi ni ndugu wa msonobari?"

Nilimwangalia mwalimu kijana. Jibu alikuwa nalo, lilimjaa usoni, na alilishikilia kwa mikono yote miwili. Hapo nikampenda.

Mke wangu alikuwa anang'aa. "Swali... zuri sana," akasema. Akachora mmea wa mahindi ubaoni. Akagusa kileleni. "Hapa, mbelewele. Ua... la baba." Akashuka kwenye hindi, akachora nywele zake. "Hapa. Ua... la mama."

"Lakini halina rangi, Mwalimu! Halina hata harufu."

Akafikiri. Tukangoja, darasa zima likangoja, na nadhani wakati ule watoto walikuwa wameshajifunza kungoja.

"Nyuki... ana macho," akasema mwishoni. "Anaitwa... kwa rangi. Upepo..." Akaufanya upepo kwa mkono. "Upepo hauna macho. Umpambie... nani?"

Hakuna aliyecheka. Yule msichana akaandika, kisha akauliza tena, "Na punje? Punje iko uchi?"

Mke wangu akafungua kinywa, akakifunga. Mguu ulikuwa umeanza kumtetemeka. Akamgeukia mwalimu kijana, akamnyooshea chaki.

Kijana akaja mbele, akaipokea, akaeleza vizuri sana kwamba punje ya hindi ni tunda zima, ganda lake jembamba limeshikamana na mbegu iliyomo, kwa hiyo haiko uchi, imevaa nguo ya kubana. Alitazama kila mara upande wa kiti alichoketi mke wangu, na mke wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mara moja alimkatiza, "Polepole," naye akapunguza mwendo.

Kengele ilipolia, mlangoni alikuwa amesimama mkuu wa shule. Sijui alifika saa ngapi. Alimchukulia mke wangu kikapu chake cha nyanya na koni, wakatembea pamoja mpaka ofisini, na sisi tukawafuata.

Nisiwadanganye kwamba alirudi kuwa kama zamani. Haikuwa hivyo. Vipindi vyote hawakumrudishia, na yeye mwenyewe asingevimudu. Walikubaliana aende asubuhi chache za wiki, kwa masomo ya kushika na kutazama, pamoja na yule kijana, mmoja anasema zaidi, mwingine anaonyesha zaidi. Zipo siku maneno yanagoma yote, anarudi nyumbani anavua kiatu anakipiga ukutani, na mimi nanyamaza tu na kazi yangu. Zipo siku anazungumza mpaka Redio, ambaye sasa amerudi kwake na anapiga simu kila siku, anaomba nafasi ya kuchangia. Mtaalamu wa matamshi anasema bado anapanda. Haharakishi, ila anapanda.

Juzi alasiri yule mwalimu kijana alikuja nyumbani kupanga masomo ya muhula. Walikuwa jikoni, mimi nipo kwenye cherehani, mlango uko wazi. Wamefika kwenye makangaga, mimea ya mabondeni isiyo na ua wala koni, wala hata hiyo mbegu yenyewe haina. Kijana akasema picha nzuri anazo, zitatosha.

"Hapana," nikamsikia mke wangu. "Picha... hapana. Tunakwenda bondeni. Watoto wote. Wachimbe, washike... unga, ule wa chini ya jani."

"Bondeni kuna tope, Mwalimu. Na wewe na mguu huo?"

"Nitashikwa mkono."

"Na nani?" nikauliza kutoka chumba cha mbele, kwa mzaha.

"Na wewe," akasema, bila kusita hata kidogo. "Na utafute viatu vya kufaa mapema, usije ukatuchelewesha."

Nikasimamisha cherehani. Ilikuwa sentensi nzima, ndefu, haina kiraka. Sijui kama yeye mwenyewe aliona, maana alikuwa ameshaendelea kubishana na kijana kuhusu njia ipi haina utelezi. Nikaifunika mashine, nikaenda kuchungulia chini ya kitanda kama buti zangu bado zipo.